Maktaba Iliyotoweka Benki ya Damu

Simu ililia kabla Darubini hajaweka mkoba wake mezani. Ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, na aliyepiga alikuwa mkunga wa hospitali iliyo upande wa pili wa mji. Hakusalimu. Alisema ukurasa wa kuombea damu haufunguki, ana mama aliyetoka kujifungua sasa hivi, damu haikatiki, na yeye amebonyeza mpaka kidole kimekufa ganzi.

Darubini alivuta kiti. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hitilafu za kompyuta hazikumpita, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Aliufungua ukurasa mwenyewe, akakuta skrini nyeupe yenye mstari mmoja tu: huduma haipatikani. Akaingia kwenye seva, ile mashine ya ghorofa ya pili ya benki ya damu iliyokuwa ikizihudumia hospitali zote za mji, akasoma kumbukumbu zake kuanzia chini kwenda juu. Sababu ilikuwa imeandikwa waziwazi, imerudiwa na kurudiwa: maktaba ya ulinganishi haikupatikana.

Kwa watu wa kazi hiyo, maktaba si nyumba ya vitabu. Ni faili lenye kazi iliyokwisha kuandikwa na kupimwa, ambalo programu hulitegemea ili isianze kila kitu upya. Maktaba ya ulinganishi ndiyo iliyojua damu ya kundi gani inaweza kumwingia nani, na ni mfuko upi utoke kwanza kwenye friji. Ikikosekana, programu hukataa kuwaka, na ni heri ikatae kuliko ibahatishe.

Aliifungua folda ya maktaba. Ilikuwa imejaa mafaili kama kawaida, lakini hilo moja halikuwemo. Kila Ijumaa jioni nakala za akiba huwekwa kwenye mashine nyingine. Akaichukua ya Ijumaa iliyopita, akairudisha mahali pake, akaiwasha programu. Ukurasa ukafunguka. Kutafuta, kujaribu na kuhakikisha kulikula karibu saa nzima. Wakati huo, chini kwenye chumba cha friji, wahudumu walikuwa wakihangaika kulinganisha damu kwa mkono, kazi ambayo wengi wao walikuwa wameshaisahau.

Saa nne mkunga alipiga tena. Yule mama yu hai, alisema. Ila damu ilichelewa, na daktari hakuwa na la kufanya isipokuwa kumtoa kizazi. Mtoto ni wa kike, mzima kabisa, na ndiye wa kwanza.

"Na wa mwisho," mkunga akamalizia, akakata simu.

Mkurugenzi wa benki ya damu, daktari mwenye sauti ya chini ambayo watu waliiogopa kuliko kelele, aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano. Kichwani mwa meza alikaa yeye, na kulia kwake mkuu wa mitambo. Kazini Darubini alimwita Mkuu kama wengine walivyomwita, lakini nyumbani alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja. Ndiye aliyemchukua alipofiwa na wazazi, akamsomesha, akamkalisha mbele ya kompyuta ya kwanza maishani mwake. Mwisho wa meza, karibu na mlango, alikaa mtunza seva, mtu aliyesema maneno machache hata wakamwita Kimya.

Mkurugenzi alitaka kujua nini kilitokea. Macho yote yakamgeukia Darubini, naye alikuwa tayari. Alieleza kwamba usiku kucha programu ilikuwa ikifanya kazi. Alfajiri, saa kumi na moja, Kimya akaizima seva na kuiwasha upya, jambo alilolifanya kila mwezi. Tangu hapo programu haikuwaka. Akamgeukia.

"Mle ndani ulikuwa na nani mwingine?"

"Peke yangu," Kimya akajibu. "Nilizima nikawasha. Folda sikuigusa."

"Basi faili limetembea kwa miguu yake."

Watu wakacheka. Darubini aliwasikia wakicheka, na ukweli ni kwamba alifurahi. Mkurugenzi hakucheka. Alimuuliza Kimya kama baada ya kuwasha seva aliufungua ukurasa ili ajue unafanya kazi. Kimya alitazama mikono yake, akasema hakuufungua. Aliona taa zote za kijani, akaenda zake kunawa uso. "Hilo ni kosa langu," akasema. "Lakini faili sikulifuta."

Mjomba alikuwa amenyamaza muda wote huo, amekunja mikono kifuani. Sasa akakohoa, akashauri Kimya apumzike nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake. Mkurugenzi akakubali, akamwagiza Darubini alete ripoti kamili ya namna faili lilivyofutwa. Kimya alisimama, akakirudisha kiti chake chini ya meza taratibu, akatoka.

Kesho yake asubuhi Darubini alikaa kuiandika ripoti. Alitaka iwe na uthibitisho, kwa hiyo akaamua kulirudia kosa kwenye mashine ya majaribio ili anakili ujumbe wake. Aliiwasha programu, kisha akaifuta maktaba ya ulinganishi programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Akaufungua ukurasa, akitegemea kuona ile skrini nyeupe.

Ukurasa ulifunguka. Akaomba damu ya kujaribia, akajibiwa sawasawa.

Alibaki ameikodolea macho skrini. Programu ikiwaka huzisoma maktaba zake zote mara moja na kuziweka kwenye kumbukumbu yake. Baada ya hapo hata faili likifutwa haijali. Inaendelea na ile iliyokwisha kuisoma. Upungufu huonekana siku itakapozimwa na kuwashwa tena. Jambo hilo alikuwa amewafundisha wengine ubaoni, kwa chaki mkononi. Jana, mbele ya mkurugenzi, halikumpitia hata akilini. Kuzima na kuwasha hakukufuta kitu. Faili lingeweza kufutwa saa yoyote baada ya nakala ya Ijumaa jioni, na Kimya akawa mtu wa kwanza tu kuufungua mlango ambao nyuma yake hapakuwa na chumba.

Alirudi kwenye folda ya seva. Safari hii aliyasoma mafaili moja moja, polepole. Jana alikuwa akitafuta kilichopungua; hakuangalia kilichoongezeka. Na kulikuwa na kilichoongezeka. Faili liliitwa ulinganishaji, si ulinganishi, na ukubwa wake ulikaribiana sana na lile lililopotea. Liliwekwa Jumamosi, saa tisa alasiri, kwa akaunti ya msimamizi.

Nenosiri la akaunti hiyo walikuwa nalo watatu: Mkuu, Darubini na Kimya. Na seva haikuruhusu mtu kuingia akiwa nje ya jengo.

Hapo angeweza kulifungua lile faili na kulisoma. Hakulifungua. Tarehe ilimtosha. Alijua kwamba yeye mwenyewe Jumamosi alikuwa nyumbani kwa mjomba, mezani, anakula chakula cha mchana na familia. Na mjomba hakuwa mtu wa kushukiwa. Ikabaki kwamba alikosea siku, hakukosea mtu. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa Kimya, na njiani kote alikuwa akiyapanga maswali.

Mlango ulifunguliwa na mke wake. Alimtambua, akasimama palepale kizingitini bila kumkaribisha. Darubini akaomba kuonana na mumewe. Mke akasema mumewe amelala, hajala tangu jana. Darubini akajikaza, akauliza Jumamosi alasiri alikuwa wapi.

"Alikuwa hapa," mke akasema. "Anapaka rangi chumba cha watoto, na kaka zangu wanamsaidia. Kama hamwamini yeye na hamniamini mimi, ingia ukaishike. Bado inanata."

Kupitia ubavu wake Darubini aliuona ukuta wa samawati, na magazeti yenye madoa yakiwa bado yametandazwa sakafuni.

"Jana niliposhuka kwenye basi," mke akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mwenzangu wa kazini alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli mume wangu amemuua mzazi. Hata yule mama hajafa. Lakini ndivyo maneno yanavyosafiri, dada. Yalianzia kwako."

Darubini aliomba radhi kwa mnong'ono ambao hakuwa na hakika kama ulisikika. Mlango ulifungwa bila kishindo, na hilo lilimuuma zaidi.

Aliporudi ofisini alisimama getini. Mlinzi alikuwa akisugua viatu vyake kwa kitambaa. Darubini alimuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kama Jumamosi alasiri kulikuwa na mtu ndani. Mlinzi alisema hakuna, siku hiyo jengo lilikuwa limelala. Kisha akakumbuka.

"Ila Mkuu alipita. Alisema amesahau miwani."

Darubini alipanda ngazi akikumbuka. Jumamosi ile, kabla sahani hazijaondolewa mezani, mjomba alisimama akasema anakwenda ofisini kufuata miwani. Alipokwisha kutoka, mkazamjomba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akisema mzee huyu atajisahau na yeye mwenyewe siku moja. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani mwa mjomba alipotoka. Wote walicheka. Darubini naye alicheka.

Sasa alilifungua lile faili. Akaliweka sambamba na lile la akiba, akaiamuru kompyuta imwonyeshe tofauti. Mistari ilipita mamia kwa mamia, yote sawa, hata mahali ambapo mwandishi alikosea tahajia na kuacha hivyohivyo. Tofauti ilikuwa moja tu, juu kabisa, kwenye mstari wa mwandishi. Faili jipya lilikuwa na jina la mjomba wake. La zamani lilikuwa na jina la mwanamke, na Darubini alihitaji muda kulitambua, kwa sababu ni watu wachache waliokuwa bado wakilitumia. Lilikuwa jina la usichana la mkazamjomba.

Ndiye huyo huyo aliyemlea. Siku hizi alikuwa akishona nguo za shule kwenye veranda. Zamani sana alifanya kazi benki ya damu, akaiacha kazi mama yake alipopooza na kuhitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Kwenye familia kazi yake ile ilikuwa ikitajwa kijuujuu, kama kitu cha utotoni. Kilichotajwa sana ni maktaba ya ulinganishi, kazi kubwa ya mjomba, iliyompa ukuu wa mitambo.

Alasiri hiyo Darubini aligonga mlango wa mjomba. Alikuwa amejiambia kwamba akimpa nafasi ya kusema mwenyewe, aibu itapungua. Aliufunga mlango, akamwita kwa jina la nyumbani.

"Mjomba, Jumamosi ulifuata nini huku?"

Mjomba aliinua kichwa. Miwani ilikuwa usoni. "Miwani," akasema.

Walitazamana. Kisha mjomba akairudia kazi yake, na Darubini akatoka. Aliona aibu kama vile ni yeye aliyesema uongo.

Asubuhi iliyofuata aliomba watu walewale, kwenye chumba kilekile. Alimpigia Kimya mwenyewe, akamsihi aje. Kimya alikuja, akakaa kiti chake cha karibu na mlango. Mkurugenzi akamwambia Darubini aendelee.

Alianza na kosa lake, kwa sababu asingeanza nalo sauti ingemkatika. Alisema kwamba Jumanne alimshtaki mtu mbele yao bila ushahidi, akamfanyia mzaha, na kwamba mtu huyo hakufuta chochote. Akaeleza namna programu inavyoishika maktaba kwenye kumbukumbu yake mpaka itakapozimwa. Akaeleza kuhusu faili la Jumamosi, na jina lake lililofanana na la zamani lakini si lenyewe. Programu haijui kukisia. Imeagizwa kutafuta ulinganishi, ikipewa ulinganishaji inasema haijaona kitu.

"Aliyefanya hivi hakutaka kuharibu," akasema. "Alitaka kubadilisha mstari mmoja. Aliweka faili lake, akalikosea jina bila kujua, akafuta la zamani, kisha akaufungua ukurasa. Ukafunguka. Akadhani mambo yamekwisha, akaenda nyumbani."

"Nani?" mkurugenzi akauliza.

Darubini alifungua mdomo, ukakataa. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo tangu alfajiri. Aliyemwokoa, kama kuokoa kunaweza kuitwa hivyo, ni mjomba mwenyewe, aliyevua miwani na kuiweka mezani.

"Ni mimi," akasema.

Mkurugenzi alimuuliza kwa nini, na mjomba akaeleza, akiiangalia miwani. Wiki ijayo wakaguzi kutoka nje walikuwa waje kuisoma programu mstari kwa mstari. Wangeliona jina. Wangeuliza huyu ni nani. Hakuwahi kuufuta mstari ule miaka yote kwa sababu hakuna aliyewahi kuutazama, na pia, akasema kwa taabu, kwa sababu mkono ulikuwa mzito.

"Mke wangu aliiandika yote. Alipoacha kazi mimi niliipachika tu kwenye seva. Siku ilipoanza kufanya kazi mliniita hapa mbele, mkapiga makofi. Nikasema nitawaambia yakiisha. Yalipoisha nikaona nimechelewa."

"Na huyu?" Mkurugenzi alimwonyesha Kimya kwa kidevu. "Ukakaa hapo kulia kwangu ukamwangalia anaondoka?"

Mjomba hakumtazama Kimya. Alimtazama mpwa wake.

"Jumanne niliingia humu nikiwa nimekusudia kusema. Wallahi nilikusudia. Kisha wewe ukaanza kuzungumza, na kila mtu akakuamini. Nikaona njia imefunguka yenyewe."

Darubini aliinamisha kichwa. Katika maneno yote yaliyosemwa siku hizo, hayo ndiyo aliyobaki nayo muda mrefu kuliko mengine, kwa kuwa hakuweza kuyakanusha.

Mkurugenzi alimtaka mjomba akabidhi funguo na kadi yake palepale, na kumwambia Kimya kazi yake inamsubiri. Watu walipotoka Darubini alimfuata Kimya koridoni, akamwomba msamaha. Kimya alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameshamsamehe, ila angependa kwa muda wasikae ofisi moja, maana akimwona bado anasikia kile kicheko. Kisha akaingia kwenye chumba cha seva, na kupitia kioo Darubini akamwona anaufungua ukurasa wa kuombea damu, anausubiri uje, anaufunga, anaufungua tena.

Mjomba alisema atamweleza mkewe mwenyewe. Lakini jioni Darubini alipofika alilikuta gari la mjomba limesimama nje, naye mwenyewe amekaa ndani yake, mikono juu ya usukani, injini imezimwa. Alimpita. Mkazamjomba alikuwa verandani na cherehani yake, amezungukwa na sketi za shule. Darubini alikaa kwenye kigoda, akamwambia yote bila kupamba: Jumamosi, faili, jina, Kimya, na yule mama.

Mkazamjomba alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Hilo la jina nililijua," akasema. "Tangu siku aliyorudi na keki waliyompa ofisini. Aliiweka mezani, hakuonja. Nikajua. Nikasema, acha, ni jina tu, nyumba itulie." Alilitazama gari lile pale nje. "Nilidhani nimemwachia jina tu, mwanangu."

Hakulia. Aliuliza yule mama amelazwa wapi.

Walikwenda kesho yake saa za kutazama wagonjwa. Njiani Darubini alijaribu kumzuia, akasema benki itaandika barua rasmi, na kwamba yeye hana kosa lolote. Mkazamjomba hakubishana wala hakupunguza mwendo. Wodini mkunga aliwaonyesha kitanda cha dirishani. Yule mama alikuwa kijana kuliko walivyotegemea, amejiegemeza kwenye mito miwili, na mtoto amelala juu ya kifua chake, kichwa kidogo kimefunikwa kofia ya kufuma. Mkunga alimwambia kwamba wageni hawa wametoka benki ya damu.

Uso wa yule mama ulichanua. Aliunyoosha mkono ambao haukuwa na sindano, akaushika wa mkazamjomba.

"Asanteni sana kwa damu," akasema. "Wameniambia bila ninyi nisingekuwepo."

Darubini alitazama sakafu. Alitamani waondoke hivyohivyo, wakiwa wameshukuriwa, na alijua kwamba nusu ya mambo yaliyoharibika yaliharibika kwa kutamani hivyo. Mkazamjomba hakuuachia ule mkono. Alikivuta kiti kwa mguu, akaketi.

"Usitushukuru kwanza," akasema. "Mlaze mtoto vizuri, tukueleze."